Mama Mwiko Anapoondoka Mezani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita jikoni mwetu, Mama Mwiko atavua aproni na kustaafu. Wengi wanafurahi pamoja naye. Mimi, mwalimu wa darasa la wadogo, nasema mapema kwamba naogopa, na sababu ninayo.

Alianza kama mwosha vyombo, wakati kituo chetu cha watoto wenye usonji kilikuwa na vyumba viwili na jiko lenye moshi mwingi kuliko moto. Jina alilipata alipokuwa mpishi, kwa kuwa mwiko wake haukuguswa na mtu. Mkurugenzi aliwahi kujaribu kukoroga uji, akafukuzwa jikoni kama kuku. Lakini Mama Mwiko alijua mtoto yupi hawezi kuvumilia mchuzi uguse wali, na hakumcheka.

Kisha zikaja zile habari kwamba ngano na maziwa vikiondolewa, mtoto atatulia na ataongea. Mfamaji haachi kutapatapa, na wazazi walizidaka. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani, mama wa binti tunayemwita Malkia. Aliondoa maziwa, kisha ngano. Mtoto hakuongea, mama akaondoa mayai, samaki, maharagwe, hatimaye matunda. Mboga Malkia hakuwahi kuzigusa. Mama Mwiko akatii kwa uaminifu wa kutisha: sufuria ya Malkia peke yake, kabati lenye kufuli, ufunguo shingoni. Sisi walimu tukampongeza.

Ukabaki wali mweupe. Malkia akaanza kukaa wakati wenzake wanakimbia. Fizi zikatoka damu. Asubuhi moja miguu ilikataa kumbeba, akaanguka mlangoni mwa chumba cha kulia, na kile kilio bado nakisikia. Hospitalini daktari aliuliza vyakula vilipangwa kurudishwa lini, kimoja kimoja, ili ijulikane kipi kinamdhuru na kipi hakimdhuru. Kuondoa tulijua sote; kurudisha haikuwa kazi ya mtu yeyote.

Hofu kubwa zaidi ilikuwa mbele. Mtaalamu wa lishe alipanga namna ya kuvirudisha, lakini Malkia alikuwa ameshavikataa. Chungwa alilitupa, yai likamtapisha kwa kulitazama tu. Mama yake alisimama dirishani, ncha ya khanga mdomoni, akiamini nusura amuue mwanawe kwa kumnyima na sasa atamuua kwa kumlisha. Mama Mwiko hakumlazimisha mtoto. Kila mchana alikaa mkabala naye na sahani yake mwenyewe, akala yai taratibu. Tulipojazana mlangoni kuchungulia, alitutimua kwa maneno ambayo sasa ni methali ya kituo: “Mkimaliza kuogopa, mje mle.”

Wiki zikapita. Mchana mmoja Malkia alinyoosha mkono, akachukua kipande cha yai kwenye sahani ya Mama Mwiko, si yake, akala. Fundi cherehani aliketi sakafuni akalia.

Leo Malkia anakimbia. Haongei bado, na usonji wake haukwenda popote. Ila amezoea kula akiwa na mtu mmoja tu mbele yake, na huyo ndiye anayestaafu. Hapo ndipo usingizi wangu unapokatika. Tulishaona mtoto huyu anavyoisha akikosa kula, na sina moyo wa kuona tena.

Mama Mwiko naye ameliona. Tangu muhula uanze amekuwa akijiondoa, safari hii kwa utaratibu: alisogeza kiti, akahamia mlangoni, kisha jikoni, na kila Malkia alipoacha kula, alirudi karibu kidogo. Jana alikaa nje kabisa. Malkia alikitazama kiti kitupu kwa muda mrefu. Kisha akamega yai lake, akaweka nusu mezani mbele ya kile kiti, akala nusu iliyobaki.

Ahsante, Mama Mwiko. Nenda ukapumzike, ule chakula kilichopikwa na mtu mwingine, ulale mchana bila kengele, na miguu yako ipone uchovu wa kusimama. Afya na furaha vikufuate nyumbani. Kuogopa hatujamaliza, lakini tutakula. Kiti chako hatukiondoi.