Kompilateri Iliyogomba kama Mama Georgette

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha hapa Baraka, Mwalimu Isidore Lubunga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 5 Julai 2024. Alianza na hesabu. Siku wafadhili walipotuletea kompyuta kuukuu, za aina ambayo hata kiwanda chake kimeisahau, walimu wengine tulikumbuka ghafla kwamba tuna kazi nyingi. Isidore akabaki nazo.

Alitaka wanafunzi waandike programu. Walihitaji kompilateri, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya mwanafunzi yawe amri ambazo mashine inazifuata. Alipata moja ya bure, ambayo walioitunga wanamruhusu yeyote ainakili, aibadilishe na kuigawa. Mashine zetu ziliikataa. Isidore alikaa nayo likizo nzima, akiirekebisha kipande kwa kipande mpaka ikakubali. Siku hiyo alicheza rumba uwanjani, peke yake, bila muziki.

Ikabaki shida moja. Mwanafunzi akikosea, kompilateri ilimwonya kwa Kiingereza, naye aliitazama tu kama mtu anayengoja mvua iishe. Isidore akayaandika maonyo yote upya kwa Kiswahili chetu. Na kwa kuwa onyo linataka sauti yenye mamlaka, aliazima ya mkewe, Mama Georgette, muuza samaki, ambaye kila mwanamume humwita papa, yaani baba. Ukisahau kufunga mabano, ulisoma: «We papa, ulifungua mulango, nani atafunga?»

Wanafunzi waliipenda mno. Nakala zikasafiri kwa flashi hadi Nundu, Lusenda na Misisi. Kisha kijana mmoja akaja kununua samaki, akamsalimu Mama Georgette kwa jina la Mama Kompilateri.

Mama Georgette alifika shuleni na aproni yake, akaketi mbele ya kompyuta, akasoma maonyo yote. Sisi tulichungulia dirishani.

«Isidore, mi niko nasema vile?»

Isidore akajitetea kwamba ni tafsiri tu.

«Miaka yote ile, neno muzuri hata moya haukusikiaka?»

Akaenda kukaa kwa dada yake, Nundu. Isidore alikonda waziwazi. Aliniambia mimi, Norbert wa fizikia, kwamba nyumba imetulia hadi inamwogopesha, na kwamba mkewe ana haki.

Akatengeneza toleo jipya. Lakini kitu ulichogawa bure hukiiti kikarudi. Ilimbidi apande pikipiki, aanguke matopeni njia ya Misisi, abadilishe nakala moja moja. Lusenda alikuta wakimbizi wa kambi ya huko wameshamtafsiri Mama Georgette kwa Kirundi, na huko anagomba vizuri zaidi.

Mwisho akafika Nundu, kompyuta ikiwa kifuani kama mtoto mchanga. Akamwonyesha mkewe programu isiyo na kosa lolote. Kioo kikaisifu kazi hiyo: «Aksanti, papa. Umetumika muzuri. Kuya tukule.»

Mama Georgette alisoma polepole.

«Hii njo mimi,» akasema, akijitambua, akaanza kutafuta viatu vyake.

Toleo hilo ndilo linalotumika leo, na wanafunzi wanahangaika kuandika bila makosa ili tu waalikwe chakula.

Mwalimu Isidore, asante kwa uvumilivu wako kwa mashine zetu na kwetu sisi. Kuanzia Jumatatu utakuwa nyumbani kutwa, na maonyo utayapata kutoka kwa mtunzi mwenyewe. Tunakuombea samaki wa kutosha, usingizi mtamu, na mabano yaliyofungwa.