Bibi Kokoto, Fundi Sare Aliyeota Mfupa

Hebu mwoneni akiingia hapa: futi ya kupimia shingoni, pini mbili mdomoni, macho yanakukagua pindo kabla hajakusalimia. Nusu yetu leo angeturudisha nyumbani tukapige pasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1954, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1968, akaingia chuo cha ufundi. Hesabu za ubaoni zilimtoa jasho, lakini ukimpa kitambaa alikukatia sketi kwa kukutazama tu. Mwaka 1973 alifungua kibanda cha kushona sare za shule, na cherehani hakuiacha hadi mikono ilipogoma.

Mwaka 1976, akiwa ameshachumbiwa, alijigusa titi la kushoto akakuta kitu kigumu. Alikaa nacho kimya miezi mingi, akijishonea blauzi pana pana. Mama yake ndiye aliyemshtukia, akampeleka hospitali. Daktari wa upasuaji alipoubonyeza uvimbe ule alihofia saratani, akasema huenda titi zima likaondolewa. Shangazi wa mchumba hakuchelewa kuleta maneno: "Mwanangu, utaoa mgonjwa kweli?"

Kijana akamjibu, "Shangazi, mimi nimechumbia mtu, sikuchumbia kifua."

Marehemu aliomba kitolewe kivimbe peke yake, kipimwe kwanza. Daktari akakubali. Kule maabara, mtaalamu alipokikata, kisu kilikwaruza kana kwamba kimegonga changarawe. Akamwita marehemu atazame mwenyewe kwenye hadubini.

"Binti, huu ni uvimbe wa kawaida kwa wasichana, si saratani. Ila wako umefanya jambo la nadra: tishu za ndani zimegeuka mfupa. Ndiyo maana ulikuwa mgumu hivyo."

"Kumbe Adamu alipunguziwa mfupa, mimi nikaongezewa!"

Mtaalamu alicheka mpaka akavua miwani. Titi likabaki. Mchumba aliposikia kisa hicho akambandika jina la Kokoto, na jina likaganda.

Walifunga ndoa tarehe 12 Februari 1977, wakajaliwa watoto wanne. Wote walinyonya titi hilohilo. Kifungua mimba huapa kwamba halikuwa na kasoro, ingawa hatujui anakumbukaje.

Kibandani, binti akishtuka anapopimwa kifua, marehemu alishusha futi na kufunga pazia.

"Panauma hapo? Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, Mama."

"Basi sare itasubiri. Kesho tunaongozana hospitali."

Kwa wengi hakikuwa kitu cha kutisha. Kwa mmoja kilikuwa saratani, akawahi matibabu. Yuko nasi hapa, sasa ni fundi mwenyewe. Gauni alilovaa marehemu ni kazi ya mikono yake.

Marehemu aliishi na shinikizo la damu kwa muda mrefu. Julai mwaka huu alipatwa na kiharusi, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2023, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba na dada mmoja.

Kokoto wetu, pumzika kwa amani, pindo tumezinyoosha. Nanyi mabinti mliosimama hapa: hicho mnachokificha chini ya blauzi pana, mmemwambia nani?