Neno la Bi Mazal

Mahbuba alikufa Maskati mwezi wa Februari 1965, mimba yake ikiwa ya miezi minane. Miaka minne baadaye mama yake, Bi Shaikha, naye hajiwezi, aliwaita watoto wake waliobaki, Suud na Kheiria, akaanza kusema huku kanga ya Mahbuba kaifumbata mkononi.

"Sikilizeni, wanangu, wala msinikatize, pumzi niliyonayo si ya kugombana. Nyumba yetu ya Malindi, Unguja, msiipigie hesabu, walioingia wakati wa mapinduzi wamo. Bangili zangu achukue Kheiria, sanduku Suud. Ghanim, mumewe Mahbuba, alioa udongo wa kaburi haujakauka, na nimemchukia mpaka nimechoka. Akija matangani mpeni kahawa, halua akale kwa mkewe.

Nnalotaka ni moja. Mnamkumbuka Bi Mazal, yule Myahudi wa Aden, jirani yetu Malindi. Mke wa mwanawe alipokufa na mimba, wanawake wao walikataa kumzika na mtoto tumboni. Bi Mazal alimwinamia maiti sikioni, akamsihi: 'Bi mdogo, mwachie mtoto, safari hii ni yako peke yako.' Wakangoja. Mtoto akatoka, naye ameshakufa, wakamzika kando ya mamaake. Basi siku ya Mahbuba tumbo lilikuwa likicheza bado, na wakubwa wakasema tungoje litulie ndipo tuzike, nami nikamwinamia mwanangu nikamwambia maneno yale yale, Suud akinivuta bega, ati mila ya Kiyahudi. Hakumwachia. Tumbo likatulia, wakambeba. Kaburi lake lina mawe matatu kama la kila mwanamke hapa. La mtoto halipo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi tangu siku ile nnao wote wawili tumboni.

Kheiria, nikishafumba macho, kabla hawajanikosha, niinamie uniambie... 'Mama, mwachie Mahbuba, safari hii ni yako peke yako.' Suud, usimvute bega dada yako. Nizikeni karibu naye. Mwenyezi Mungu akuwekeni... akupeni watoto wa... basi. Inatosha."

Alikufa kesho yake asubuhi. Kheiria aliinama, akayasema. Suud alisimama mlangoni, hakumvuta. Ngumi ya Bi Shaikha haikufunguka. Wakoshaji wakaikata kanga ya Mahbuba, wakamkafini na kipande mkononi.