Jua Limefika Gotini au Bado

Gogo la mbele ya kinu cha maji cha Ravdasht limeng'arishwa na makalio ya wanaume wa kijiji hata fundi wa msasa hana kazi pale. Asubuhi ile ya mwezi wa tisa lilibeba watu watatu na birika moja la chai ya maziwa na chumvi. Katikati alikaa Khushnazar, ambaye kijiwe kizima kilimwita Rada, maana simu yake ndiyo pekee iliyonasa mtandao, tena mpaka apande paa la kinu na kunyoosha mkono. Shule aliiaga darasa la saba, na kwa kauli yake shule ndiyo iliyopata hasara. Kulia kwake alikuwa ami Davlatqadam, Goti Moja, ambaye goti lake la kushoto huuma kabla ya mvua, na mara nyingine baada. Kushoto alikuwa Sabzali, Gia ya Nne, dereva ambaye gari lake halijawahi kuifikia gia hiyo. Kila mmoja alikuwa na watu wake juu malishoni, nyuma ya mlima. Rada alikuwa na mama yake, wadogo zake wawili wa kike, mbuzi kumi na wanane na yaki wanne, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu. Theluji ikiwahi kuziba njia, wa juu hubaki juu. Hilo walilijua wote, na kwa kuwa walilijua, walikuwa wamekaa wanabishana.

— Utabiri huu hapa, nimeushusha kwenye paa sasa hivi, bado wa moto, Rada alisema akiipunga simu. "Milimani, mawingu, na theluji kuanzia Alhamisi jioni. Mabondeni, jua na vumbi."

— Alhamisi ndiyo lini? Goti Moja aliuliza.

— Keshokutwa, ami.

— Hiyo theluji ya mjini. Wanaitabiri wamekaa kwenye viti. Sisi tunahesabu mwili.

Ndivyo walivyohesabu tangu enzi za mababu. Masika jua humpanda mtu kutoka kucha za miguu, vuli humshuka kutoka utosini, na kila kiungo hulishikilia siku tatu. Likishuka mpaka gotini, mifugo hurudi nyumbani. Mhesabu alikuwa mzee Qimatsho, na mzee Qimatsho walimzika mwezi uliopita. Tangu hapo kila mwanaume alijipa urithi ambao marehemu hakumwachia.

— Haya, mwili unasemaje? Rada aliuliza.

— Jua liko kiunoni, siku ya pili. Goti bado siku tano. Haraka haraka haina baraka.

— Kwangu limeshapita goti, Sabzali alisema. Liko kwenye ugoko.

— Ulianza kuhesabu lini?

— Siku niliyopasukiwa na tairi.

— Basi hiyo ni hesabu ya tairi, mdogo wangu. Jua halina pancha.

Rada alijimiminia chai bila kuombwa wala kuomba.

— Kosa lenu ni moja, nyie wazee. Mnahesabu mwili, lakini mwili wa nani? Ami ni mfupi, jua likimtoka kichwani, hilo gotini. Mimi mrefu, lina safari. Kila mtu ana vuli yake.

— Kwako kichwani lilikaa siku moja tu, Goti Moja alisema. Halikukuta cha kulishikilia.

Sabzali alicheka mpaka akapaliwa. Rada naye alicheka, ila kidogo.

— Mimi nawaambieni, aliendelea Goti Moja, mlima wenyewe umekonda. Barafu niliyoikuta nikiwa mtoto ilifika pale kwenye jiwe jeusi. Leo iko wapi? Barafu ikipungua, mlima unapungua kimo, na jua lina ngazi chache za kushuka. Ndiyo maana hesabu inatuchanganya.

— Ng'ombe haelemewi na nunduye, ami, Rada alisema.

— Hiyo methali inaingiaje hapa?

— Yenyewe inajua inakoingia.

— Waachieni yaki, Sabzali alisema. Yaki akinusa theluji anashuka mwenyewe. Hana simu, hana goti la kuuma.

— Yaki watashuka, sawa, Rada alisema. Na mama?

Kinu kilikuwa kikisaga. Rada alimkumbuka mama yake mwanzo wa kiangazi, amekaza kitambaa kichwani, anamwambia, "Usitusahau kule kwa maneno yako mengi." Naye alimjibu kwa maneno mengi.

Mlango wa kinu ulifunguka, akatoka Odinamo, mke wa mpwa wa Goti Moja, aliyeolewa kutoka bonde la ng'ambo na hakuwa hata na miezi miwili kijijini. Uso ulikuwa mweupe kwa unga.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Goti Moja alisema akimnyooshea birika. Tuongezee maji ya moto, binti.

— Nimewasikia kutoka ndani, baba. Huko kwetu hatuhesabu hivi. Nauliza tu. Walioko juu watajuaje kwamba limefika gotini?

— Wanaona moshi, Rada alijibu haraka, maana alipenda kujua. Pale kwenye kilima. Wakiuona wanakusanya mifugo siku mbili, halafu tunakutana nao njiani. Bila moshi hawang'oi hata kigingi.

— Na huwasha nani?

— Mzee Qimatsho.

Odinamo aliangalia chini, kisha akawatazama.

— Mwaka huu je?

Goti Moja alilishika goti lake. Sabzali alitoa funguo za gari mfukoni, akazihesabu, zilikuwa mbili. Rada aliangalia simu, na simu haikuwa na mtandao.

Siku mbili za kukusanya mifugo. Keshokutwa jioni.

Rada aliweka bakuli la chai chini, akaingia kinuni, akatoka na kiberiti na shoka.

— Wewe mbishi, hatujakubaliana, Goti Moja alisema. Ni goti au kiuno?

— Sijui, ami.

Neno hilo gogo lile halikuwahi kulisikia kutoka kwake.

— Ukikosea, wanawake watakulaani. Siagi ya wiki nzima ya huko malishoni hiyo unawapotezea.

— Watanilaani wakiwa hapa chini.

Alishika njia ya kilima. Sabzali aliligeuza birika, likatoa tone moja. Goti Moja alisimama kwa taabu, akaweka viganja mdomoni.

— Kata mreteni mbichi, mwanangu, alipaza sauti. Mkavu hautoi moshi.