Sista Funga-Mlango, 1951–2024

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alihitimu uuguzi mwaka 1973, akiwa wa pili darasani. Aliyekuwa wa kwanza alimwoa mwaka 1976, na mpaka Baba anafariki miaka sita iliyopita hakuacha kumtania kwa hiyo nafasi moja.

Kwa miaka thelathini na mbili alikaa chumba namba nne cha kituo kimoja cha afya, akiwahudumia wazee ambao mkojo hauwangoji wafike chooni. Jina la Sista Funga-Mlango alipewa na watoto na wakwe wa wagonjwa, maana aliwatoa wote nje ndipo amuulize mzee mwenyewe. Dereva mmoja mstaafu alimwambia, "Sista, mimi hata chai nimeacha. Nikinywa naaibika."

"Baba, ukijinyima maji mkojo unakuwa mkali, kibofu kinazidi kukusumbua. We kunywa. Mengine tutapanga."

Wakapanga: chooni kila baada ya saa mbili, mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, na daktari akakihamishia asubuhi kidonge cha presha cha jioni, kile kinachokojoza. Baada ya wiki sita mzee alionekana tena kwenye drafti, akibishana kama zamani.

Septemba 2023 Mama alipata kiharusi, nikamleta kwangu mimi kitinda mimba wake. Aya inayofuata Shangazi aliniomba niifute kabla ratiba ya mazishi haijachapishwa. Shangazi, nisamehe.

Mama alianza kulowesha kitanda. Nilikuwa nimechoka kufua, nimechoka na kila kitu. Nikaanza kumnyima maji kuanzia saa tisa alasiri. Hakuweza kusema, lakini alikuwa akigusa kikombe kitupu na kunikazia macho, nami nilijua vizuri anachotaka. Nikamwambia, "Mama, utalowa tena." Mimi, niliyelelewa na Sista Funga-Mlango! Siku ya tisa hakunitambua. Hospitali walikuta mwili umekauka, na maambukizi ya mkojo yameshaingia kwenye damu. Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Daktari alisema kiharusi kilikuwa kimeshamdhoofisha, nisijilaumu. Najilaumu.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja na wifi yake, Shangazi yetu, aliyetaka tu kunisitiri.

Siku hizi za msiba wawili wenu mmeninong'oneza kwamba nanyi mnawapunguzia wazee wenu maji, na kwamba leo mkija mazishini mtawaacha nyumbani bila kunywa ili msikute kitanda kimelowa. Sitawataja. Mungu amlaze Mama yetu mahali pema, apumzike. Ninyi wawili msingoje chakula. Inukeni sasa hivi, nendeni mkawape maji.