Bi Döndü na Kata ya Pili

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Döndü Karaaslan, msuguaji katika bafu la umma la wanawake hapa kwetu Kozaklı. Alifariki Jumanne. Alisugua migongo miaka arobaini na moja. Narudia, arobaini na moja.

Maji yetu hutoka ardhini yakichemka, mnayajua wenyewe. Bafuni huchanganywa na ya baridi, na Bi Döndü aliyapima kwa kiganja. Lakini viganja vyake vilikwisha kufa ganzi kwa moto wa miaka. Bi Fadik, mwenzake wa kazi, alikuwa akimtania: "We Döndü, mikono hiyo hata chai inayotokota ungeikorogea." Bi Döndü alicheka tu. Hakubadili kipimo.

Siku moja alimwogesha bintiye Nazmiye, wa miaka sita. Akapima maji, akammwagia kata ya kwanza. Mtoto akapiga yowe. "Maji ya baridi haya, acha kudeka," mama akasema, akammwagia kata ya pili. Ndipo alipoona bega linabambuka.

Tangu hapo hakumwogesha tena. Watoto wa wenzake aliwaosha, wa kwake alimpeleka kwa Bi Fadik. Wala hakumtaka radhi.

"Kata ya kwanza nilishamsamehe," Nazmiye ameniambia. "Mikono yake ilikuwa haisikii moto. Lakini ya pili nilikuwa nalia, na masikio yake yalikuwa mazima."

Jumatano, wasikilizaji, jeneza liliwekwa uani mwa msikiti. Imamu akauliza mara tatu, kama ilivyo ada: mnamsamehe haki zenu? Mara ya kwanza watu wakaitikia kwamba wamesamehe. Nazmiye kimya. Mara ya pili wakaitikia tena, bila yeye. Bi Fadik akamminya mkono: "Sema, mwanangu. Anaondoka huyo."

Mara ya tatu Nazmiye alisema. Neno lilitoka kavu, kama mtu anayetajia karani jina lake.

"Sikuhisi kitu," ameniambia. "Hata sasa. Nimekaanga halua ya msiba, nimeigawa mtaa mzima, nimepanga viatu vya wageni. Machozi nayasubiri, hayaji. Lakini nimeshasema, na sirudi nyuma."

Nazmiye, Bi Fadik na jamaa wote, poleni sana. Mungu amrehemu Bi Döndü.

Nawe unayenisikiliza, kama uliyemkosea yuko chumba cha pili, zima redio uende. Bi Döndü aliishi nyumba moja na bintiye miaka thelathini na mitatu baada ya siku ile, na radhi yake akaja kuombewa na imamu.