Sista Pua Anastaafu, Mifagio Ipumzike

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya kifua, muuguzi wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa na meneja. Sisi wengine tumemwita Sista Pua tangu nywele zake zote zikiwa nyeusi, naye huitika. Kazi ya kuandika wasifu huu amepewa dereva wake, kwa sababu wenye diploma wote walidai wamebanwa. Mkikuta nukta imekaa vibaya, waulizeni wao.

Alianzia chumba cha sindano, ambako watoto walimlilia kabla hajashika kitu. Baadaye akapewa kazi ya kuwatembelea wagonjwa wa pumu majumbani, na huko ndiko jina lilikozaliwa. Akifika mlangoni husimama, hunusa, kisha hutaja yaliyomo: dawa ya mbu ya kuchoma, jiko la mafuta ya taa, paka, ukungu nyuma ya kabati. Kuna nyumba alinusa sigara. Mwenye nyumba akaapa kwamba hakuna anayevuta pale, huku mama mkwe wake akitazama dari kwa bidii sana.

Zamani ilikuwa desturi ya kliniki kutuma taarifa siku moja kabla ya kumtembelea mgonjwa. Ilikuwa adabu tu, hatukuona ubaya wowote.

Sasa, kulikuwa na seremala mmoja ambaye binti yake mdogo alikuwa na pumu inayochochewa na aleji. Kila Sista alipokwenda, alimkuta mtoto mabega yamepanda na kifua kinapiga filimbi. Dawa ya kuvuta ya kila siku alikuwa akipewa, tena kuivuta alijua. Mama yake alisema siku nyingine mtoto hajambo kabisa. Tukadhani anaitetea nyumba yake. Mwishowe Sista akaandika kwamba nyumba ile haimfai, na wazazi wakakubali binti akaishi kwa shangazi yake, mji mwingine, shule zikifungwa. Mama akawa anafungasha kwa kusuasua: leo anatia sketi kwenye begi, kesho anaitoa.

Siku chache kabla ya safari, mgonjwa mwingine wa mtaa ule hakuwepo kwake, basi Sista akasema tupite kwa seremala. Tulimkuta binti uani anaruka kamba na kuimba kwa makelele. Kifua kimya. Ndani kitanda hakijatandikwa na vyombo vimelala vichafu. Mama akajishika kichwa.

“Jamani Sista, mbona hamkusema? Sijafagia, zulia sijalikung'uta, hata marashi sijapuliza!”

Sista akamwuliza huwa anayafanya hayo lini.

“Si mkisema mnakuja! Naamka alfajiri mimi. Mara ile mume wangu alipaka hadi rangi madirisha, kwa ajili yako.”

Sista akakaa kwenye ukingo wa kile kitanda kisichotandikwa, na wanaomjua wanajua hakai ovyo. Mwaka mzima pua yake ilikuwa ikinusa heshima aliyoandaliwa yeye mwenyewe: vumbi lililotimuliwa alfajiri, marashi na rangi, na ndivyo vilivyombana mtoto.

Begi likafunguliwa siku ileile. Zulia likatoka chumbani, mto wa sufi ukatupwa, godoro likavalishwa mfuko wa kuzuia vumbi. Shuka zikawa zinafuliwa kwa maji ya moto kila wiki, na sakafu inafutwa kwa kitambaa kibichi mtoto akiwa nje. Seremala akaanza kubadili nguo uani kabla ya kumkumbatia mwanawe, akinung'unika kwamba amegeuzwa bibi harusi. Dawa ya kila siku iliendelea hata siku za nafuu, na pampu ya dharura haikukosekana mkobani.

Sista akarudi kazini akawaambia madaktari wazi kwamba amekosea, akafuta alichoandika. Tangu hapo taarifa zetu husema: tunakuja, tafadhali msifanye usafi. Wapo walionuna, wakisema kliniki imewaita wachafu.

Shangazi naye alisusa kidogo, maana kitanda alikuwa ameshanunua.

Binti hakwenda popote. Leo ni msichana mkubwa, bado ana pumu na bado anavuta dawa yake. Mama yake ametuma ujumbe tuuweke hapa: anasema binti amekuwa na mdomo, neno moja anamjibu kumi bila kutua apumue, na nyumba nzima inashukuru.

Sista Pua, ahsante kwa kazi. Tunakutakia siku ndefu, usingizi mzito, na watu wa kukujibu nyumbani kwako.